Mashine Kabla ya Arobaini

Mwanamkuu alizunguka chumbani mpaka Shangazi Mwanabibi akaacha uradi wake, akaweka tasbihi pajani na kumtazama. Chumba chenyewe hakikuwa na pa kuzungukia. Kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, mkeka na dirisha dogo la mbao. Mjane aliyekaa eda hutakiwa atulie, na huyu alikuwa na kila kitu cha eda, nguo nyeupe, nyumba ya mumewe, shangazi wa mumewe wa kumlinda, isipokuwa huo utulivu.

"Mwanangu, kaa. Unanitia kizunguzungu."

"Maji yanajaa, shangazi. Huyasikii?"

"Nayasikia. Yanajaa tangu nazaliwa. Kaa."

Hakukaa. Bamvua lilikuwa limejaza vijito vyote vya Kiongoroni, na kule pwani, kati ya mizizi ya mikoko, boti ya marehemu mumewe Hashimu ilikuwa ikiinuka na kushuka bila mtu ndani yake. Boti haikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni mashine iliyofungwa katikati ya boti ile, mashine kuukuu ya dizeli yenye pistoni mbili, ambayo hujipoza kwa kuvuta maji ya nje na kuyazungusha tumboni mwake. Maji ya mwisho iliyoyavuta yalikuwa ya chumvi, na yalikuwa bado mle mle.

Kila mwaka, kabla mvua za masika hazijashika na safari za kwenda Nyamisati hazijakatika, Hashimu aliipeleka kunywa. Ndivyo walivyosema, kuipeleka mashine kunywa. Aliipandisha boti mtoni mpaka mbali na bahari, mahali ambapo ukichota maji kwa kiganja unaweza kuyameza, akaiacha iungurume pale, ivute maji matamu na kuyatema hadi chumvi yote iishe. Akishaizima haiwashi tena. Alirudi kwa pondo na kwa maji ya kupwa, taratibu, akilala njiani, maana akiiwasha huku chini itameza chumvi upya na kazi yote itakuwa bure. Akifika nyumbani anamwaga maji yake, anaitia oili ndani ya pistoni, anaipaka grisi, na mashine inalala salama mpaka mvua ziishe.

Mwaka huu alirudi na abiria jioni, akafunga kamba, akasema kesho tunaipeleka kunywa. Usiku ule kifua kikambana, na kesho yake watu wakampeleka yeye makaburini.

Mwanamkuu alijua hesabu yake ilivyokaa. Hakuzaa na Hashimu. Mashine ikiwa nzima, atatafutwa nahodha, abiria watapanda, na yeye atapata sehemu yake na kuendelea kuishi katika nyumba hii. Mashine ikishikana kwa kutu, boti itakuwa mbao tu, na yeye atarudi kwa kaka yake, kule Mbwara. Kaka yake ana wake wawili, watoto tele, na chumba kimoja cha akiba chenye mbegu za mpunga. Atalala na mbegu, na kila atakapojaza sahani wifi zake wataangalia sahani.

"Mwite shemeji," alisema. "Mwite Mashaka."

* * *

Mashaka, mdogo wake Hashimu, alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikaa ukumbini, upande wa pili wa pazia, kwa kuwa shemeji si maharimu wa mjane. Akakohoa, akauliza hali, akauliza kama unga upo. Mwanamkuu alimjibu kwa adabu yote, na kila jibu lilimchoma, kwa sababu hajapata kuomba ruhusa ya kuigusa mashine ile tangu siku iliponunuliwa, na leo anaiomba nyuma ya pazia.

"Shemeji, ile mashine ina maji ya chumvi. Mwache Nasibu aipeleke kunywa."

Nasibu alikuwa baharia wa Hashimu, kijana mwenye mke na mtoto, aliyewahi kubeba mizigo Dar es Salaam akarudi na maneno ya huko.

"Nasibu keshanifuata," alisema Mashaka. "Nimemwambia hapana. Mali ya marehemu haiguswi mpaka arobaini. Dada Zuhra atakuja kutoka Kibiti, tutakaa, tutagawana kwa sheria. Mpaka hapo kila kitu kikae kilivyoachwa. Nimeifunika kwa turubai mbili, nikaikaza kwa kamba, nikatia na kufuli kwenye kibanda chake. Hata unyevu hauingii."

"Hata unyevu hautoki, shemeji."

Upande wa pili Mashaka alikohoa tena.

"Unaifunika na joto lake na chumvi yake," aliendelea Mwanamkuu. "Arobaini ikifika mtagawana jiwe."

"Bora jiwe kuliko maneno." Sauti ya Mashaka ilikuwa imebadilika. "Wewe hukuwepo baba alipofariki. Mie nilichukua wavu wake kabla ya arobaini. Nikauvulia mara tatu tu, tupate kitoweo cha wageni wa matanga. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mtu ananiita mla mirathi. Siwezi kuitwa hivyo mara ya pili, shemeji. Nisamehe."

Alisema kweli, na Mwanamkuu alijua kwamba alisema kweli. Ndiyo iliyomuuma zaidi. Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi kumchukia, lakini huyu alikuwa mtu mwema anayeiua mashine kwa heshima.

Akamtuma Nasibu ampigie simu Zuhra, amwombee ruhusa kwake. Kiongoroni mtandao hukamata mahali pamoja, juu ya kichuguu karibu na mbuyuni kwa wakata boriti, na mjane hawezi kwenda kusimama kichuguuni. Nasibu alirudi ameloa, akasimama nje ya dirisha.

"Da Zuhra kasemaje?"

"Kasema mengi, Bi Mwanamkuu."

"Nipe moja."

Nasibu alikung'uta maji kwenye kofia yake kwa muda mrefu kuliko kofia ilivyohitaji. "Kasema mjane anayewaza mashine hajafiwa."

Shangazi Mwanabibi alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo. Mwanamkuu alifunga dirisha, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliona aibu kana kwamba amevuliwa ushungi mbele za watu. Kisha aibu ile ikageuka hasira, na hasira ikamnyanyua tena.

* * *

Asubuhi iliyofuata alijifunga shuka yake nyeupe, akavaa baibui juu yake, akatoa spana mbili chini ya kitanda na chupa ya oili nyuma ya mtungi. Shangazi alipomwona hakupiga kelele. Alibeba mkeka wake, akautandika kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, akaketi juu yake na kunyoosha miguu.

"Pita," alisema. "Lakini utanikanyaga."

"Shangazi, niache."

"Mjane hatoki, na mjane hapaki mafuta. Hiyo chupa ni ya nini?"

"Haya hayanukii vizuri. Hayana dhambi."

Midomo ya bibi kizee ilitaka kucheka, akaizuia. "Ngoja nikuitie Mashaka," alisema, "lakini sitoki hapa." Akamwita jirani, jirani akamwita Mashaka, na Mashaka akaja mbio, kanzu imefungwa kiunoni, akiogopa kwamba kuna msiba mwingine. Alipoona spana mkononi mwa shemeji yake, na baibui, na shangazi yake kama gogo mlangoni, aligeuka haraka, akawapa mgongo.

"Shemeji, rudi ndani. Watu wanapita."

"Na wapite. Mie nakwenda pwani."

"Watu watasema nini?"

"Watasema mke wa Hashimu katoka eda mchana kweupe, kenda kuvunja kufuli kwa mikono yake, na shemeji yake kakaa na ufunguo mfukoni." Mwanamkuu alihamishia spana mkono wa pili. "Hilo nalo watalisema sokoni, shemeji. Chagua utakaloitwa."

Mashaka alisimama na mgongo wake. Mvua ilianza kumdondokea na hakusogea chini ya paa.

"Unataka niipeleke mtoni," alisema mwishowe. "Nayo sasa hata kuwaka sidhani."

"Sitaki uipeleke mtoni. Nataka uilete hapa. Itakaa uani, mbele ya watu wote, hakuna wa kusema imefichwa. Mie sitoki, shangazi halali kizingitini, na wewe hukugawa kitu. Umehamisha tu, kama ulivyohamisha mbuzi za Hashimu."

Alifikiri kidogo juu ya mbuzi. Mbuzi kweli alikuwa amewahamisha, na hakuna aliyesema neno.

* * *

Walifungua nati za kitako, wakaipitishia kamba, wakaitundika kwenye boriti mbili na kuibeba begani, vijana wanane, wakiteleza kwenye matope. Ilikuwa imefunikwa turubai kwa ajili ya mvua. Wazee wawili waliokuwa barazani waliona watu wanapita na mzigo begani, kimya, wakainuka kama inavyopasa. Mmoja, Mzee Mwinjuma, aliingiza bega lake chini ya boriti, akatembea nao hatua kadhaa akisoma, ndipo akauliza kwa heshima, "Ni nani?"

"Mashine ya Hashimu," alisema Nasibu.

Mzee hakutoa bega. Aliwasindikiza mpaka uani.

Mwanamkuu alikuwa ameketi nyuma ya dirisha la jikoni, mbao zimeachwa wazi kiasi cha vidole viwili. Aliona turubai ikiondolewa. Aliona chumvi nyeupe iliyotambaa kwenye maungio, na wekundu chini yake, akashika ukuta.

"Nasibu, nati ya chini kwanza. Ile ya upande wa pampu."

Nasibu alivuta spana, akabana meno, nati ikalia, ikafunguka. Hakikutoka kitu. Akachokonoa kwa waya, na ndipo yakaja maji mekundu, mazito, yenye vipande, yakaendelea kuja muda mrefu yakitengeneza kidimbwi uani. Kisha wakaanza kuinywesha. Walikinga maji ya mvua yaliyokuwa yakimwagika kutoka kwenye bati, ndoo kwa ndoo, wakayamimina juu na kuyaacha yatoke chini, wekundu ukawa rangi ya chai, chai ikawa ya maziwa, na mwisho yakatoka kama yalivyoingia.

"Hendeli," alisema Mwanamkuu.

Nasibu aliingiza hendeli ya kuiwashia na kuinama nayo. Haikuzunguka. Akaja mwingine, wakainama wawili. Mashine iliinuka kidogo upande mmoja kwa nguvu zao, lakini ndani hakikusogea kitu. Vijana wakaanza kutafuta viatu vyao. Mmoja alisema ana nyavu za kutazama.

Mashaka alibaki. Alikuwa amesimama kando ya kidimbwi kile chekundu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua jeneza akakuta waliyemzika bado ana joto. "Nimeiua mie," alisema, si kwa mtu yeyote. "Kaka kaniachia, nami nikaifunga kufuli."

Mwanamkuu alikuwa na maneno yake tayari, ameyapanga tangu siku ya pazia, na yalikuwa makali. Hayakutoka. Alimwonea huruma, na huruma yenyewe ilimkera.

"Fungueni nozo za mafuta," alisema. "Mtie mafuta ya taa na oili, nusu kwa nusu, pistoni zote mbili. Kisha tungoje."

"Tungoje mpaka lini?"

"Sijui, shemeji. Hashimu hakuwahi kuiacha ifike hapa."

Wakangoja. Mtaani walisema mjane ana mashine uani anaichezea kama mtoto, na yule wa sokoni alikumbuka jina la zamani la Mashaka na kulitumia. Mashaka alikuja kila atokapo msikitini, akainama, akajaribu hendeli, akaongeza mafuta, akaondoka bila kuaga. Mwanamkuu alijifunza kuzitambua nyayo zake. Alikuwa akisimama jikoni muda huo, mikono imeshikana, anasikiliza chuma kinachokataa. Usiku aliota kinazunguka na akaamka na kukuta hakizunguki.

Kisha adhuhuri moja ya mvua ndogo alisikia mlio aliokuwa hajausikia, kama mlango wa zamani unaosukumwa. Mashaka alisukuma tena. Hendeli ilikwenda nusu, ikarudi, ikakwenda mzunguko mzima. Mtu yule aliyeogopa watu watasema nini alikaa matopeni na kanzu yake ya sala, akalia kwa sauti.

* * *

Arobaini ilifika na Zuhra akafika nayo, kwa boti ya kukodi, na miwani mipya, na mgeni mmoja aitwaye Saidy. Huyu alilima mboga karibu na Utete na alitafuta mashine ya kuvutia maji shambani. Khitma ikasomwa, pilau ikaliwa, wageni wakapungua. Wenye mirathi wakakaa uani kuizunguka mashine, mwalimu wa madrasa katikati yao. Mwanamkuu alikuwa bado ndani ya eda, nyuma ya pazia la jikoni, Shangazi Mwanabibi ubavuni pake.

Mwalimu akaeleza: mjane robo, ndugu wa kiume nusu, ndugu wa kike robo. Hakuna aliyebisha.

"Mashine haikatwi kwa msumeno," alisema Zuhra. "Iuzwe, kila mtu achukue chake. Bwana Saidy yuko hapa. Lakini nasikia ilishikana. Kama haiwaki, mie sina haja ya chuma kibovu. Abaki nacho wifi, mie nimemsamehe sehemu yangu, shahidi Mwalimu."

"Tuiwashe basi," alisema Saidy.

Nasibu alitumbukiza mpira wa maji ndani ya ndoo, akashika hendeli, akazungusha. Mashine ilizunguka vizuri, ikahema, ikanyamaza. Akazungusha tena kwa jasho jingi. Haikuwaka. Mara ya tatu Saidy alijifuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.

"Hii imekwisha," alisema. "Mtu asinunue jeneza."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Zuhra, na kusema kweli hakuonekana kusikitika sana. "Ya wifi."

Nyuma ya pazia Mwanamkuu alikuwa amesimama. Mafuta yakifika, nozo za mashine ile, zinazoyapuliza ndani, hukwaruza kila hendeli inapozunguka, na leo hazikukwaruza hata mara moja. Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Hakuna anayesahau koki. Aliangalia kwa upenyo wa pazia, akamwona Nasibu ameinama juu ya mashine kwa unyonge mkubwa, na akaelewa kwamba baharia wa mumewe alikuwa akimpa zawadi.

Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Wageni wakiondoka, koki itafunguliwa, na mashine itakuwa yake peke yake, na huko Mbwara hatakwenda. Alijiambia Zuhra anastahili. Alijiambia Zuhra ndiye aliyesema hajafiwa. Alijiambia mengi kwa muda mfupi, na yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pilau ya khitma ya Hashimu ilikuwa bado haijapoa kwenye masinia, na mtu wa kwanza kumdhulumu ndugu zake katika mali yake angekuwa mkewe.

"Nasibu," aliita. "Fungua koki."

Watu wote wakageukia pazia. Nasibu alibaki ameinama, kisha akanyoosha mkono pole pole bila kumtazama mtu. Mashaka akamwondolea hendeli mkononi, akainama yeye. Nozo zikakwaruza, mara moja, mara mbili, na mashine ikawaka.

Ilitoa moshi mweusi, kisha wa buluu, kisha ikatulia katika mngurumo wake wa siku zote, ikivuta maji safi kutoka ndoo moja na kuyatema ndoo nyingine. Saidy akatabasamu, akaanza kutoa simu. Mashaka akasimama kati yake na mashine.

"Haiuzwi," alisema, na ilimbidi apaze sauti. "Nusu yangu haiuzwi, na robo ya shemeji haiuzwi mpaka aseme yeye. Dada, robo yako utailipwa kwa nauli za abiria, kila safari. Mwenye kutaka kuniita mla mirathi aniite. Nimeshazoea."

Zuhra alivua miwani. Alitazama pazia zaidi ya alivyomtazama kaka yake. Baadaye Shangazi Mwanabibi alimsimulia Mwanamkuu haya yote, mpaka na miwani, kwa sababu yeye hakuyasikia.

Hakuyasikia kwa kuwa mashine ilipotulia katika mngurumo ule aligeuka, akachochea moto, akajaza sufuria kubwa maji na kuiteleka mafigani. Akatafuta taulo. Kwa miaka yote ya ndoa yake mngurumo ule ulipotokea kwenye kona ya mto ulimpa muda wa maji ya kuoga kupata moto kabla Hashimu hajafika mlangoni, na mikono yake haikumuuliza kitu. Ilifanya tu.

"Mwanangu," alisema Shangazi Mwanabibi. "Maji ya nani hayo?"

Mwanamkuu aliangalia sufuria. Alitaka kujibu, akafungua kinywa, na ndipo kilio kilipomtoka, kile ambacho hakikutoka siku ya maziko wala siku yoyote ya eda aliyoipitisha akizunguka chumbani. Alikaa chini sakafuni na kulia. Nje mashine iliendelea kuunguruma, na shangazi hakumwambia anyamaze, wala hakuyaepua maji.